Faili Iko Hapa au Iko Kule? Kuifikia Hifadhi ya Wingu kwa Kidhibiti Faili

Utangulizi

Katika toleo hili tumeona ni vyema tuweke kando kidogo mambo ya fasihi na isimu, tuzungumzie jambo la kiufundi ambalo limetugusa sisi wenyewe hapa idarani. Jambo lenyewe ni namna ya kuzifikia faili zilizohifadhiwa kwenye wingu kwa kutumia kidhibiti faili cha kompyuta pamoja na programu-jalizi yake, badala ya kufungua kivinjari kila mara au kujaza diski kwa nakala tusizozihitaji.

Makala hii imekusudiwa walimu na wanafunzi wa Kiswahili, wala si mafundi wa kompyuta. Tutaeleza kwanza kisa kilichotufanya tuandike, kisha tutafafanua njia tatu za kulifikia wingu, halafu hatua za kufuata, na mwisho tahadhari ambazo tumejifunza kwa gharama.

Kisa kilichotusukuma kuandika

Idara yetu ilikuwa na folda moja ya rekodi. Ndani yake mlikuwa na mahojiano 40, kila moja la takriban nusu saa, ambayo wanafunzi wetu walirekodi masokoni, katika vituo vya mabasi na majumbani mwa wazee, wakichunguza jinsi Kiswahili kinavyosemwa hapa Uganda. Folda hiyo iliwekwa kwenye wingu, na kompyuta tatu za ofisini zikaunganishwa nayo kwa programu ya usawazishaji. Tulijiona tuko salama. Kama kompyuta moja ingeibwa au kuharibika, nyingine mbili zingekuwepo, na wingu lenyewe juu yake.

Siku moja, karibu na likizo ndefu, kompyuta mojawapo ilionyesha kwamba diski imejaa. Mwenzetu mmoja, kwa nia njema kabisa, akatazama ni folda gani iliyo kubwa kuliko zote, akaikuta ile ya rekodi, akaifuta. Hoja yake ilikuwa kwamba rekodi zipo kwenye wingu, kwa hiyo hapa hazihitajiki. Programu ya usawazishaji ikafanya kazi iliyotengenezewa: ikapeleka habari ya ufutaji kwenye wingu, na wingu likaipeleka kwenye kompyuta nyingine mbili mara zilipowashwa.

Muhula ulipofunguliwa, mwanafunzi mmoja wa shahada ya uzamili alikuja ofisini akauliza, "Mwalimu, mbona folda ya rekodi ni tupu?" Tulikimbilia pipa la taka la huduma ile, lakini siku 30 za kuhifadhi vilivyofutwa zilikuwa zimekwisha pita. Tulipata mahojiano 23 kutoka kwa wanafunzi waliokuwa bado wanayo kwenye simu zao. Mengine 17 hatukuyapata. Katika hayo 17 mlikuwa na mazungumzo na mzee mmoja ambaye wakati huo alikuwa ameshafariki dunia.

Hatumlaumu mwenzetu. Alikosa jibu sahihi la swali moja tu, nasi sote hatukuwa tumejiuliza swali hilo: faili hii iko wapi hasa, hapa au kule? Makala hii yote inazunguka swali hilo.

Wingu ni nini?

Neno wingu limezoeleka, lakini linaweza kupotosha. Hakuna kitu kinachoelea hewani. Wingu ni kompyuta kubwa za mtu mwingine, zilizo katika jengo fulani duniani, ambazo tunazifikia kwa njia ya intaneti. Ukiweka tasnifu yako kwenye wingu umempa mwingine akutunzie, kama anayeweka mali ghalani kwa mwenye ghala. Mwenye ghala ana masharti yake: ukubwa wa nafasi, muda wa kutunza vilivyofutwa, na nani aruhusiwe kuingia.

Huduma zinazojulikana sana kwetu ni Dropbox, Google Drive na OneDrive. Dropbox ilianzishwa mwaka 2007 na Drew Houston pamoja na Arash Ferdowsi. Houston amesimulia mara nyingi kwamba wazo lilimjia akiwa safarini kwa basi kutoka Boston kwenda New York, alipogundua kuwa amesahau flashi yake. Ni nani miongoni mwetu ambaye hajasahau flashi? Google Drive ilizinduliwa mwezi Aprili 2012.

Nafasi ya bure inatofautiana. Dropbox hutoa gigabaiti 2, OneDrive gigabaiti 5, na Google gigabaiti 15 ambazo hugawanywa kati ya barua pepe, picha na faili nyingine. Vyuo vinavyotumia huduma ya bure ya Google ya elimu vilizoea nafasi isiyo na kikomo, lakini mwaka 2022 utaratibu huo ulibadilishwa, na chuo kizima sasa hugawana terabaiti 100. Kwa hiyo hata mwenye akaunti ya chuo hana budi kuhesabu.

Njia tatu za kulifikia wingu

Njia ya kwanza ni kivinjari. Unafungua tovuti ya huduma, unaingia kwa nenosiri, kisha unapakua au kupakia faili. Njia hii haihitaji kusakinisha chochote. Udhaifu wake unaonekana pale unapokuwa na faili 60 za insha za wanafunzi unazotaka kuzipanga, kuzipa majina mapya na kuzihamisha kutoka folda moja hadi nyingine.

Njia ya pili ni usawazishaji. Programu ya huduma huweka folda maalumu kwenye kompyuta yako, na kila kilichomo hulinganishwa na kilicho kwenye wingu. Ukiongeza hapa, kinaongezeka kule. Ukifuta hapa, kinafutwa kule. Faida yake ni kwamba unaweza kufanya kazi hata intaneti inapokatika, kwa kuwa nakala kamili unayo. Hasara yake tumeishaisimulia. Tuongeze kwamba tangu mwaka 2017 OneDrive kwenye Windows 10 imekuwa na uwezo wa kuonyesha majina ya faili bila kuzishusha mpaka utakapozifungua. Hilo huokoa nafasi ya diski, lakini kanuni ya kufuta haibadiliki: ukifuta jina, umefuta faili.

Njia ya tatu, ambayo ndiyo kiini cha makala hii, ni kidhibiti faili chenye programu-jalizi. Kidhibiti faili ni ile programu tunayoitumia kutazama folda, kunakili, kuhamisha na kufuta. Programu-jalizi ni programu ndogo inayoongezwa ndani ya nyingine ili kuipa uwezo ambao haikuwa nao. Hapa, uwezo unaoongezwa ni kulionyesha wingu kana kwamba ni folda nyingine ya kompyuta yako.

Programu-jalizi inavyofanya kazi

Tuifananishe na mkalimani. Kidhibiti faili kinajua maagizo machache tu: onyesha yaliyomo, nakili, hamisha, tengeneza folda, futa. Huduma ya wingu nayo ina lugha yake ya kupokea maagizo kwa njia ya intaneti. Programu-jalizi husimama katikati na kutafsiri. Ukifungua folda ya wingu, hupeleka ombi la orodha. Kinachorudi ni majina, ukubwa na tarehe tu. Maudhui ya faili hayaji mpaka utakapoagiza kuinakili au kuifungua.

Tuchukue mfano wa rekodi zetu. Sauti iliyorekodiwa bila kubanwa, kwa ubora wa diski ya muziki, huchukua takriban megabaiti 10 kwa dakika. Mahojiano ya nusu saa yatakuwa megabaiti 300, na mahojiano 40 yatafikia gigabaiti 12. Mhadhiri mpya akiunganisha kompyuta yake kwa usawazishaji wa kawaida, gigabaiti zote 12 zitaanza kushuka, na bando lake litakwisha kabla hajasikiliza hata moja. Akitumia programu-jalizi ataona orodha yote kwa gharama ndogo sana, kisha atachukua mahojiano moja analolihitaji, yaani megabaiti 300 tu. Kwa sisi tunaonunua intaneti kwa kipimo, tofauti hiyo si ndogo.

Hatua za kufuata

Vidhibiti faili ni vingi. Hapa tutatumia Total Commander, kwa sababu hufanya kazi vizuri hata kwenye kompyuta za zamani zenye Windows, ambazo ndizo zilizojaa katika maabara nyingi. Programu hii imetengenezwa na Christian Ghisler wa Uswisi, na hadi mwaka 2002 iliitwa Windows Commander. Ni programu ya kujaribu kwa siku 30, kisha mtumiaji anatakiwa kuilipia. Wale walioanza kompyuta enzi za DOS wataitambua mara moja, kwani inafuata mtindo wa madirisha mawili ya Norton Commander ya mwaka 1986: upande wa kushoto folda moja, upande wa kulia nyingine.

1. Pakua programu-jalizi ya wingu kutoka tovuti ya Total Commander yenyewe. Usiichukue kwingine, kwani programu utakayoipa ruhusa ya kuingia kwenye faili zako zote si ya kuokota njiani.

2. Ndani ya Total Commander, nenda kwenye faili iliyobanwa uliyoipakua, kisha bonyeza kitufe cha kuingiza. Programu itatambua kwamba ndani yake mna programu-jalizi, na itakuuliza kama unataka kuisakinisha. Kubali.

3. Kwenye orodha ya diski, chagua alama ya mikwaju miwili ya kinyume (\\), yaani ujirani wa mtandao. Hapo utaikuta programu-jalizi ikionekana kama folda. Ifungue.

4. Bonyeza F7 ili kutengeneza muunganisho mpya. Upe jina linaloeleweka, kwa mfano "Idara-Rekodi" au "Binafsi-Tasnifu", kisha chagua huduma unayoitumia.

5. Kivinjari kitafunguka kikutake uingie kwenye akaunti yako na kuthibitisha kwamba unairuhusu programu hii. Soma kinachoombwa kabla ya kukubali.

6. Ukirudi kwenye Total Commander, folda zako za wingu zitaonekana upande mmoja. Upande wa pili weka folda ya kompyuta yako. Kuanzia hapo, F5 hunakili kutoka upande mmoja kwenda mwingine, F6 huhamisha au kubadili jina, F7 hutengeneza folda, na F8 hufuta. Kitufe cha Tab hukuvusha kutoka upande huu kwenda ule.

Tunawashauri walimu wajiwekee mazoea: wingu liwe daima upande wa kulia, kompyuta daima upande wa kushoto. Kushoto ni hapa, kulia ni kule. Tumeona kwamba mazoea haya madogo ndiyo faida kubwa ya njia hii. Folda ya usawazishaji huficha mpaka kati ya hapa na kule. Madirisha mawili yanauweka mpaka huo mbele ya macho, na kila uhamisho unaufanya wewe mwenyewe kwa kujua.

Wanaotumia Linux nao wana njia zao. Kidhibiti faili cha KDE kiitwacho Dolphin hupata uwezo wa kuifikia Google Drive kwa kuongezewa kifurushi cha kio-gdrive. Vyuo vyenye seva yao ya Nextcloud, mradi uliozaliwa mwaka 2016 kutokana na ownCloud, vinaweza kufikiwa kwa itifaki ya WebDAV, ambayo vidhibiti faili vingi huielewa.

Kuhusu ruhusa na usiri

Wasomaji wengine watauliza: je, programu-jalizi inalijua nenosiri langu? Katika utaratibu tulioueleza, hapana. Nenosiri unaliandika kwenye ukurasa wa huduma yenyewe. Huduma ndiyo inayoikabidhi programu-jalizi ufunguo wake wa pekee, ambao hubaki kwenye kompyuta ile. Ufunguo huo unaweza kuufuta wakati wowote kwa kuingia kwenye mipangilio ya usalama ya akaunti yako na kuiondolea programu ruhusa.

Hapa pana hatari ambayo walimu wanapaswa kuiangalia sana. Kwa kuwa ufunguo unabaki, atakayekaa kwenye kompyuta ile baada yako anaweza kufungua muunganisho wako bila kuulizwa nenosiri. Fikiria mhadhiri aliyetunza rasimu ya mtihani kwenye wingu, akaunganisha akaunti yake kwenye kompyuta ya maabara "kwa dakika tano tu", kisha akaondoka. Mtihani hauna haja ya kuibwa, umeachwa mezani. Kwa hiyo kwenye kompyuta ya pamoja, tumia kivinjari na utoke kwenye akaunti ukimaliza. Programu-jalizi iwe ya kompyuta yako mwenyewe, yenye nenosiri la kuingilia.

Tahadhari tulizojifunza

Kwanza, usihariri faili moja kwa moja kutoka wingu. Ukiifungua faili upande wa kule, kinachofunguka ni nakala ya muda iliyoshushwa kwenye kompyuta yako. Umeme ukikatika au intaneti ikizimika kabla nakala hiyo haijarudishwa, kazi ya jioni nzima inaweza kubaki kwenye folda ya muda ambayo husafishwa bila taarifa. Inakili kwanza hapa, fanya kazi, hifadhi, kisha inakili kule.

Pili, mkiwa wawili mnaoandika faili moja, atakayepakia mwisho ndiye atakayebaki. Kazi ya mwenzake itafunikwa. Dawa yake ni kuweka tarehe na herufi za jina katika jina la faili, na kutokubali haraka pale programu inapouliza kama ifunike faili iliyopo.

Tatu, kufuta upande wa kule ni kufuta kweli. Faili hiyo haipiti kwenye pipa la taka la Windows. Huduma yenyewe inaweza kuwa na pipa lake, lakini lina muda: Google Drive, kwa mfano, tangu Oktoba 2020 huondoa vilivyomo baada ya siku 30. Likizo ya chuo ni ndefu kuliko siku 30.

Nne, hati iliyoandikwa ndani ya Google Docs si faili ya kawaida. Ikiletwa kwenye kompyuta ni lazima igeuzwe kuwa ya aina nyingine, na mpangilio wa majedwali na tanbihi unaweza kuyumba. Ikague kabla ya kuituma kwa msimamizi.

Tano, bila intaneti programu-jalizi haionyeshi chochote. Anayekwenda kufundisha mahali ambapo mtandao ni wa shida achukue nakala kabla ya kuondoka.

Sita, wingu peke yake si akiba. Wataalamu wa hifadhi wana kanuni ya tatu, mbili, moja: nakala tatu, kwenye aina mbili za vyombo, na moja iwe mbali. Baada ya msiba wetu, rekodi 23 zilizookolewa ziko kwenye wingu, kwenye kompyuta ya idara nje ya folda ya usawazishaji, na kwenye diski ya nje ambayo hufungiwa kabatini. Nakala ya diski hiyo husasishwa kila mwisho wa mwezi kwa madirisha mawili yale yale, na anayeisasisha hutia saini daftarini.

Neno kuhusu istilahi

Kwa kuwa sisi ni walimu wa lugha, hatuwezi kumaliza bila kugusa maneno. Tumetumia programu-jalizi, istilahi iliyokwisha kutumika katika tafsiri za programu za kompyuta. Tumetumia faili na folda kwa sababu wanafunzi wetu wanayaelewa bila kufafanuliwa, ingawa wapo wanaopendelea kabrasha. Kwa usawazishaji tulisita, kwani neno hili humfanya msikilizaji afikirie pande mbili zinazowekwa sawa kwa haki, ilhali kilichotupata ni pande zote kuwekwa sawa katika utupu. Hata hivyo maana ni ile ile. Pande mbili zikilinganishwa, ukosefu nao hulinganishwa.

Tunapendekeza walimu wawape wanafunzi zoezi la kuandika maelekezo ya kutumia kidhibiti faili kwa Kiswahili, kisha mwenzao ayafuate kwenye kompyuta bila kuuliza swali. Akikwama, sentensi ina kasoro. Ni zoezi zuri la uandishi wa kiuamilifu, na pia litawalinda na hasara.

Hitimisho

Tumeeleza kwamba programu-jalizi ya kidhibiti faili hulileta wingu karibu, huokoa bando na nafasi ya diski, na huonyesha wazi mpaka kati ya kilicho hapa na kilicho kule. Haiondoi wajibu wa mtumiaji. Kabla ya kubonyeza F8, kila mmoja wetu ajiulize: niko upande gani, na nakala nyingine iko wapi? Asiyeweza kujibu sehemu zote mbili aondoe kidole kwanza.

Wanafunzi wanaoandika tasnifu mwaka huu wanakaribishwa ofisini siku yoyote ya kazi waje na kompyuta zao tuwasaidie kuunganisha. Na kama kuna msomaji ambaye aliwahi kunakili rekodi za idara kwenye simu au flashi yake, tunamwomba atafute tena. Bado tunayahitaji yale 17.